Pandas umeisakinisha, VS Code inasema haipo

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina laptopu ya Windows 11 yenye RAM ya GB 4, naandika Python kwenye VS Code. Nikiandika pip install pandas (kile kifurushi cha kuchakata majedwali) naambiwa "Requirement already satisfied", lakini nikibonyeza kile kitufe cha pembetatu napata "ModuleNotFoundError: No module named 'pandas'". VS Code nimeshaifuta na kuirudisha mara mbili, na bando linakwisha. Jamaa mmoja kaniambia nitengeneze venv, yaani mazingira pepe ya Python. Nimeitengeneza, ila nikitaka kuiwasha yanatoka maandishi mekundu. Halafu hapa dukani kuna programu ya ripoti za mauzo aliyoiandika kijana aliyekuwepo kabla yangu. Siku hizi inagoma, inasema DataFrame (jedwali la pandas) haina append. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Anza kwa kuiacha VS Code ipumzike. Haina kosa, na ukiifuta mara ya tatu utarudi palepale, kwa sababu VS Code siyo Python. Ni mahali pa kuandikia tu. Ukibonyeza kitufe, inachukua faili lako, inalikabidhi kwa Python fulani iliyoko mahali fulani ndani ya mashine, kisha inakuonyesha majibu. Maswali yako yote, pamoja na la venv na la append, yanaanzia hapo: ni Python ipi?

Zile jumbe mbili zinazoonekana kupingana, zote ni za kweli. Pip, chombo cha kusakinisha vifurushi vya Python, inasema pandas ipo, na ipo. Python inasema haipo, na kweli haipo. Ni Python mbili, kila moja na stoo yake. Mzigo umeshushwa nyumba namba 12, wewe unautafuta namba 14.

Na pip wala haikukuficha anwani. Rudi kwenye ule mstari wa "Requirement already satisfied" uusome mpaka mwisho; wengi huishia maneno matatu ya mwanzo. Utakuta umeandikwa pandas in c:\users\ na kuendelea, mpaka kwenye folda iitwayo site-packages. Hiyo ndiyo stoo. Sasa tutafute anwani ya upande wa pili. Tengeneza faili jipya, liite angalia.py, uandike:

import sys
print(sys.executable)
print(sys.prefix)
print(sys.base_prefix)

Liendeshe kwa kitufe kilekile kinachokugomea. Mstari wa kwanza utakutajia Python inayosoma msimbo wako, na folda yake kamili. Linganisha na ile anwani ya pip. Nina hakika hazitafanana.

Ukitaka kujua una Python ngapi humo ndani, fungua terminali ya VS Code uandike:

py --list
where.exe python

Hiyo .exe usiisahau. Terminali ya VS Code kwenye Windows kwa kawaida ni PowerShell, na humo neno where peke yake ni amri nyingine kabisa, kwa hiyo itakaa kimya nawe udhani huna Python hata moja. Usishangae ukikuta mbili au tatu: moja ya tovuti ya python.org, moja ya Microsoft Store, pengine moja iliyokuja na Anaconda siku ulipofuata video fulani. Na ukiona njia yenye neno WindowsApps, huenda si Python bali ni mlango tu: Windows huweka pale kijifaili kinachokupeleka Microsoft Store ukiandika python wakati hujaisakinisha.

Kuna mshukiwa mwingine ninayemkuta kwenye laptopu nyingi, kiendelezi kiitwacho Code Runner. Chenyewe hakijali sana umechagua Python gani ndani ya VS Code. Kikiachwa kama kilivyokuja, kinaita neno python tu, na ile itakayotangulia kwenye orodha ya Windows ndiyo itakayoitika. Namna ya kukitambua: majibu yakitokea kwenye kichupo cha OUTPUT, ni Code Runner, yakitokea kwenye TERMINAL, ni kiendelezi cha Python chenyewe. Mimi ningekiondoa. Kwa Python hakikuongezei kitu, na maswali kinayoyazaa ni mengi.

Tuje kwenye append, maana ndiyo inayoeleza kwa nini jamaa yako alikwambia habari za venv, ingawa hakukueleza sababu.

Programu ya dukani haijaharibika. Kilichobadilika ni pandas. Zamani ungeweza kuongeza safu kwenye jedwali kwa df.append. Toleo 1.4 la Januari 2022 lilianza kutoa onyo kwamba hiyo njia inaelekea kuondolewa, na toleo 2.0 la Aprili 2023 likaiondoa. Kijana aliyekutangulia aliandika enzi za 1.x. Siku moja mtu akasasisha pandas kwenye mashine hiyo, pengine ni wewe mwenyewe ulipokuwa unahangaika na pip, na ripoti zikasimama siku hiyohiyo.

Na site-packages moja haiwezi kukaa pandas mbili. Ukiweka mpya, ya zamani inatolewa nje. Kwa hiyo ukiwa na stoo moja kwa miradi yote, unachokifanyia mradi wa leo unakifanyia pia mradi wa miaka mitatu iliyopita, bila kuulizwa. Tatizo hili ni la zamani. Ian Bicking alitoa virtualenv mwaka 2007 kwa ajili yake, na Python 3.3 ya mwaka 2012 ikaja na venv ndani yake, hivyo huna cha kupakua.

Watu husikia "mazingira pepe" wakadhani ni kompyuta ndani ya kompyuta, wakaogopa kwamba RAM ya GB 4 haitatosha. Hapana. Ingia kwenye ile folda ya .venv uliyoitengeneza, uangalie kwa macho yako. Kuna Lib, ambayo ndani yake mna site-packages mpya ikiwa karibu tupu. Kuna Scripts, yenye python.exe ndogo na pip. Na kuna faili moja la maandishi, pyvenv.cfg, ambalo ukilifungua kwa VS Code linaanza hivi:

home = C:\Users\duka\AppData\Local\Programs\Python\Python311
include-system-site-packages = false
version = 3.11.9

Uchawi wote umeishia hapo. Python ikiwaka, inatazama kama kuna pyvenv.cfg kando yake au folda moja juu. Ikiikuta, inasema: sawa, stoo yangu ni hii ya hapa, ile ya nyumbani siigusi. Mstari wa home unaonyesha Python mama iko wapi, maana ile python.exe ndogo haijitegemei, inamwita mama afanye kazi. Ndiyo maana ukiifuta Python 3.11 kwenye Windows, kila venv iliyozaliwa nayo inakufa siku hiyo. Mstari wa pili ndio ukuta: false maana yake usichungulie stoo ya mashine. Kwenye lile faili lako la angalia.py, sys.prefix na sys.base_prefix zikitofautiana, uko ndani ya venv. Zikilingana, uko sebuleni na watu wote.

Ukishaelewa hilo, yale maandishi mekundu yanapoteza ukali. Nadhani yalikuwa na maneno "running scripts is disabled on this system". Hapo venv haikukosea, ni PowerShell iliyokataa kuendesha faili la Activate.ps1 kwa sera yake ya usalama. Unaweza kuiruhusu kwa akaunti yako tu, mara moja:

Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned

Lakini kama laptopu ni ya ofisi na fundi wenu ameifunga, usipigane naye. Kuwasha venv si lazima! Hili watu wengi hawaambiwi. Kuwasha kunafanya jambo moja kubwa: kunaitanguliza folda ya Scripts kwenye orodha ambayo Windows hutafuta programu, ili ukiandika python tu iitike ya humo. Ukiita kwa anwani kamili, unapata kilekile:

.venv\Scripts\python.exe -m pip install pandas

Na hapo tumepata dawa ya tatizo lako la kwanza bila kuitafuta. Achana na mazoea ya kuandika pip peke yake. Andika python -m pip, kwa sababu hapo unaitaja Python unayotaka iweke mzigo. Pip peke yake ni kumtuma mtoto dukani bila kumwambia duka lipi.

Sasa tuifanye kazi yenyewe. Kwanza, fungua folda nzima, siyo faili moja. Kwenye VS Code nenda File, kisha Open Folder, chagua folda ya mradi. Ukifungua faili pekee, VS Code haijui mradi wako unaanzia wapi, na venv iliyoko humo inaweza isionekane kabisa.

Kwa programu ya dukani, usitumie Python mpya kuliko zote. Pandas ya mwisho kabla ya 2.0 ni 1.5.3, nayo ina vifurushi vilivyokwisha kuandaliwa kwa Windows mpaka Python 3.11 tu. Ukiwa na 3.12 au 3.13, pip itajaribu kuijenga kutoka kwenye msimbo asilia, itakudai Visual C++, itatapika kurasa nzima za makosa, na bando litakuwa limekwenda. Kama py --list haikuonyesha 3.11, pakua 3.11.9 kutoka python.org, ndilo toleo la mwisho la 3.11 lenye kisakinishi cha Windows. Linakaa vizuri pamoja na Python nyingine, usifute kitu. Kisha, ukiwa kwenye terminali ndani ya folda hiyo, futa .venv ya zamani uanze upya:

py -3.11 -m venv .venv
.venv\Scripts\python.exe -m pip install "pandas==1.5.3" "numpy<2" openpyxl

Zile alama za kunukuu ziweke. Bila hizo, alama ya < terminali inaielewa kivingine na amri haifiki kwa pip. Na hiyo numpy<2 sikuiweka kwa mapambo. Pandas 1.5.3 inasema inahitaji numpy, lakini haikuweka ukomo wa juu, maana ilipotoka numpy 2 haikuwepo. Ilikuja Juni 2024. Usipoizuia, pip itakuletea mpya, na pandas ya zamani itakataa kuwaka kwa ujumbe wa ajabu unaoanza na "numpy.dtype size changed". Nimeona watu wakibadilisha laptopu kwa sababu ya mstari huo. Openpyxl nimeiongeza nikikisia kwamba ripoti zinatoka kama Excel. Kama sivyo, usiiweke.

Baada ya hapo bonyeza Ctrl+Shift+P, andika Python: Select Interpreter, chagua ile yenye neno .venv. Huenda wakati wa kutengeneza VS Code ilikutokezea kijisanduku pembeni ikikuuliza kama uitumie hiyo mpya kwa folda hii. Hicho wengi hukifunga kama tangazo. Ukiwa na faili la Python wazi, tazama ukanda wa chini kulia: panatakiwa pasomeke 3.11.9 na .venv. Pakisomeka kingine chochote, usibonyeze kitufe kwanza.

Halafu funga terminali iliyokuwa wazi kwa alama ya kopo la taka, ufungue mpya. Terminali ya zamani haijui kwamba umebadilisha kitu. Inaendelea na Python yake ya asubuhi. Nusu ya wanaoniambia "nimechagua lakini bado" wameishia hapa.

Ukitumia madaftari ya Jupyter ndani ya VS Code, yana uchaguzi wao wa peke yao, juu kulia mwa daftari, na haufuati ule wa chini. Chagua .venv hapo pia, na ikikuomba kusakinisha ipykernel, kubali.

Kuhusu append yenyewe, usiishie kuifungia chumba cha zamani milele. Kwanza ripoti zitoke, bosi atulie. Kisha, siku yenye nafasi, badilisha mistari ya namna hii:

df = df.append(mpya, ignore_index=True)

iwe hivi:

df = pd.concat([df, mpya], ignore_index=True)

Ila angalia mpya ni kitu gani. Append ilikubali hata kamusi (dict) ya kawaida ya Python, concat haikubali. Kama mpya ni kamusi, andika pd.DataFrame([mpya]) mahali pake. Na ukikuta kijana aliiweka append ndani ya kitanzi (loop), akiongeza mauzo moja moja, kusanya kwanza kwenye orodha ya kawaida halafu utengeneze jedwali mara moja mwishoni. Kila append ilikuwa inanakili jedwali zima upya. Kwa mauzo ya mwaka, hata hiyo laptopu yako ya GB 4 utaisikia imepumua.

Ukimaliza, tengeneza venv ya pili yenye pandas mpya, ujaribu humo, huku ile ya kwanza ikiendelea kutoa ripoti. Hapo ndipo utakapoona faida ya vyumba viwili.

Habari ya bando. Neno letu hili "kifurushi" lina utani wake: kifurushi cha pip kinakula kifurushi cha mtandao. Lakini pip ina akiba. Ilichokipakua mara moja hukihifadhi, na venv ya pili ikitaka pandas ileile kwa Python ileile, haipakui upya mzigo mkubwa, inagusa mtandao kidogo kuulizia orodha. Kwa hiyo usikimbilie pip cache purge uliyoiona mahali. Hiyo ni kuchoma ghala lako. Na ukipata siku yenye Wi-Fi ya bure, andika mahitaji kwenye faili la requirements.txt, kila kimoja mstari wake, kisha:

.venv\Scripts\python.exe -m pip download -r requirements.txt -d mzigo

Folda ya mzigo iweke kwenye fleshi. Kwenye mashine isiyo na mtandao, ukiwa umetengeneza venv huko:

.venv\Scripts\python.exe -m pip install --no-index --find-links mzigo -r requirements.txt

Mashine zote mbili ziwe Windows, na Python ya toleo lile lile. Mzigo wa 3.11 hauingii 3.13.

Nafasi ya diski ni kweli itapungua, kwani kila venv yenye pandas na numpy inapita MB 100. Ukifika miradi kumi, jaribu uv, chombo cha kampuni ya Astral kilichotoka mwaka 2024. Chenyewe huweka nakala moja kwenye akiba yake na kuziunganisha venv zote na hiyo, mradi ziwe diski moja. Kwa leo usikiguse, maliza hili kwanza.

Jambo ambalo mimi lilinigharimu usiku mzima ni kuhamisha venv. Nilikuwa na kazi ya kuonyesha asubuhi, nikaona jina la folda ya mradi halipendezi, nikalibadilisha. Jina tu. Pip ikaanza kunijibu "Fatal error in launcher: Unable to create process using", na nyuma yake anwani ya folda ambayo haipo tena. Faili kama pip.exe humo Scripts zimeandikiwa ndani anwani kamili ya mahali zilipozaliwa, na ndivyo lilivyo faili la kuwasha. Kwa hiyo venv haihamishwi, haibebwi kwenye fleshi, haipandishwi kwenye Git wala kuwekwa kwenye OneDrive. Inafutwa na kutengenezwa upya kutoka requirements.txt, kazi ya dakika chache. Kama Desktop yako inajisawazisha na OneDrive, hamishia miradi C:\miradi kabla ya kuanza, maana maelfu ya vijifaili vya site-packages yatakula hata hilo bando lililobaki.

Ukifanya yote haya na pandas bado haionekani, angalia kama kwenye folda yako hakuna faili ulilolipa jina pandas.py. Python hutazama kando ya faili lako kabla ya kwenda stooni, italichukua lako. Na kwa vifurushi vingine kumbuka jina la kusakinisha si lazima liwe la kuitia: unasakinisha opencv-python unaita cv2, unasakinisha scikit-learn unaita sklearn, unasakinisha Pillow unaita PIL.

Ikigoma hata hapo, niandikie tena ukiniwekea ile mistari mitatu ya angalia.py pamoja na majibu ya py --list. Picha ya skrini nyekundu pekee haitanisaidia, nahitaji anwani.